Kazi Ninayolipwa Uswidi, Mama Anaifanya Bure Kenya

Saa moja asubuhi zamu yangu huanza kwa kumgeuza mtu kitandani. Nakagua mgongo na visigino nisije nikapitwa na kidonda kinachoanza, namwogesha, namvisha, kisha namhamishia kwenye kiti cha magurudumu. Yeye ndiye anayeniambia tuanze na lipi. Mwisho wa mwezi napata mshahara, na nikiugua kuna wa kunishikia zamu.

Mama yangu huko Kenya amemfanyia ndugu yangu kazi hiyo hiyo kwa miaka 16, tangu alipoumia uti wa mgongo. Usiku huamka mara tatu kumgeuza. Hana zamu wala likizo, na hakuna karatasi ya serikali inayosema kwamba mama huyu anafanya kazi.

Huku Uswidi msaada huu wa msaidizi anayelipwa haukuletwa na huruma. Watu wenye ulemavu wenyewe waliupigania, akiwemo Adolf Ratzka, aliyepooza kwa polio ujanani, hadi sheria ya msaada kwa watu wenye ulemavu, iitwayo LSS, ikaanza kutumika mwaka 1994. Hesabu yake ni ya saa. Mahitaji ya msingi, kama kuoga, kuvaa na kula, yakizidi saa 20 kwa wiki, shirika la taifa la bima ya jamii hulipa. Yakiwa pungufu, manispaa hubeba. Anayesaidiwa humchagua msaidizi wake, na hata mzazi au ndugu anaweza kuajiriwa. Siku nilipolielewa hilo la mzazi, nililia.

Sisemi huku ni peponi. Masharti yamekazwa, na wapo waliopunguziwa saa wakabaki tena mikononi mwa wazazi waliozeeka.

Kenya tuna Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Zikifika, hata zikichelewa, zinasaidia, na sitaki mtu aziondoe. Ila hizo ni fedha za kupunguza makali ya umaskini. Zigawe kwa siku 30, unapata shilingi 66 na senti kidogo. Nani atakesha na mgonjwa kwa hizo? Halafu tunasahau umaskini wa kaya hizi unatoka wapi. Mama alikuwa na kibarua. Alikiacha kwa sababu mtu asiyeweza kujigeuza haachwi peke yake kutwa. Malezi ndiyo yaliyotufilisi.

Najua serikali yetu haikusanyi kodi kama Uswidi. Lakini wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba hadi nyumba sasa hulipwa posho, kwa hiyo njia ya kumlipa mtu anayehudumia watu majumbani ipo. Ningeanza na posho ya mlezi, itengwe mbali na ile ya kaya. Kisha kaunti imlipe msaidizi aliyefunzwa, hata kwa saa chache kwa wiki, mama apate kulala au kwenda kutibiwa mgongo wake. Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 19 inautaja waziwazi usaidizi binafsi.

Afisa wa ustawi wa jamii anapokuja nyumbani kujaza fomu, huuliza paa ni la nini na mifugo ni mingapi. Aulize pia nani anamgeuza huyu usiku, na jana alilala saa ngapi.