Kupiga Windows Bila Draiva ni Kazi Nusu

Tangu Microsoft isitishe huduma kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu hapa Tanga wanawapelekea mafundi kompyuta za nyumbani wapigiwe Windows 11. Wengine humo humo wanaongeza ramu na kuweka SSD, ile diski ya kasi. Vizuri. Ugomvi wangu ni na fundi ambaye, Windows ikishawaka tu kwenye kioo, anasema, "Tayari shehe, chukua mashine yako."

Tayari wapi? Mteja anafika kwake Makorora, anawasha, sauti hakuna. Maandishi yamevimba kwa kuwa draiva ya kadi ya picha, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho, haijawekwa. Wi-Fi nayo haionekani, na hapo ndipo mtu anapokwama: draiva ya Wi-Fi iko intaneti, na intaneti haipatikani mpaka draiva iwepo. (Simu ya Android itakuokoa. Ichomeke kwa waya wa USB, washa USB tethering (kugawa intaneti ya simu kwa waya), mara nyingi kompyuta inaikubali bila kuomba kitu.)

Mimi nasema bei ya kupiga Windows iwe pamoja na draiva. Kabla hujalipa, mwambie fundi afungue Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, mbele yako. Ukiona alama ya mshangao ya manjano, kazi haijaisha, usiondoke. Samaki wa pale soko la Deep Sea tunamfunua mashavu kabla ya kutoa hela. Kwenye kompyuta tunaona haya gani?

Mafundi nao waache kufuta diski kabla ya kuhifadhi draiva zilizopo. Ni amri moja tu. Tengeneza folda iitwayo draiva kwenye flashi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa haki za msimamizi, andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Hiyo D ni herufi ya flashi. Yako huenda ikawa nyingine. Draiva nyingi za Windows 10 ya biti 64 (aina ya kisasa; ya zamani ni biti 32) zinafanya kazi kwenye Windows 11, kwa hiyo huzipakui upya na bando linapona.

Zile programu zinazojinadi kutafuta draiva zote kwa mkupuo siziamini hata kidogo. Nyingi zinakuja na matangazo na takataka ambazo hukuziomba. Nenda tovuti ya mtengenezaji, tafuta modeli iliyoandikwa chini ya laptopu. Kifaa kikigoma kujitambulisha, fungua sifa zake kwenye Device Manager, soma Hardware Ids: VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. VEN_8086, kwa mfano, ni Intel.

Na wewe mwenye printa ya zamani, hakikisha mapema kama ina draiva ya biti 64. Windows 11 haina toleo la biti 32, na draiva ya biti 32 haitaingia hata uibembeleze mpaka kesho.