Kipangaji kikipotea njia: tukiamrishe au tukifundishe?

Ripoti ya mwisho wa mwezi iliyozoea kumaliza kwa sekunde 8 inaanza kuchukua dakika 20, na hakuna aliyegusa msimbo. Aliyewahi kusimamia hifadhidata anaijua simu ya usiku huo. Diski haijajaa, sava haijaelemewa, indeksi zote, zile orodha za kuharakisha utafutaji, zipo. Kilichobadilika ni njia: kipangaji cha kwiri, yaani sehemu ya hifadhidata inayochagua njia ya kujibu kila ombi la data (kwiri), kimeamua kuyaendea majedwali yale yale kwa mzunguko mwingine, mrefu zaidi.

Hapo ndipo watu wa fani hii wanapogawanyika. Kundi moja linasema kiamrishwe. Hifadhidata za Oracle, MySQL na SQL Server zinakuruhusu kuandika kidokezo ndani ya kwiri: tumia indeksi hii, unganisha majedwali kwa mbinu ile. Kundi la pili, ambalo ngome yake ni hifadhidata ya PostgreSQL, linasema kifundishwe, yaani kipewe takwimu bora za data. Kwa miaka mingi wajenzi wake walikataa kwa makusudi kuweka vidokezo kwenye kiini chake, na anayevitaka amekuwa akijiongezea kiendelezi cha pg_hint_plan. Mimi niko karibu na kundi la pili, ila naona linawadai watu wa zamu uvumilivu kupita kiasi.

Ubishi huu umezaliwa na SQL yenyewe, lugha ya kuandikia kwiri, kwa kuwa unaandika unachotaka na kuiachia mashine namna ya kukipata. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM, katika mradi wa System R, walieleza jinsi ya kukadiria gharama ya kila njia na kuchukua iliyo nafuu. Wazo hilo bado linaendesha hifadhidata nyingi za leo. Udhaifu wake uko kwenye neno kukadiria.

Tuchukue jedwali la wateja milioni 3. Kwiri inawataka walio mkoa wa Kilimanjaro, wilaya ya Rombo, pamoja na miamala yao. Tuseme asilimia 4 ya wateja wako Kilimanjaro na asilimia 1 wako Rombo. Mimi na wewe tunajua Rombo iko ndani ya Kilimanjaro, kwa hiyo jibu ni wateja 30,000. PostgreSQL haijasoma jiografia. Inazichukulia safu mbili hizo kama zisizohusiana, inazidisha 0.04 kwa 0.01, inapata wateja 1,200. Kwa wateja 1,200 ni busara kumchukua mmoja mmoja na kumtafutia miamala yake kwenye indeksi. Kwa wateja 30,000 ambao miamala yao imetapakaa diski nzima, kazi hiyo hiyo inakuwa mateso. Endesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha njia iliyochaguliwa na kilichotokea kweli, utaziona namba mbili kwenye mstari mmoja: rows=1200 ya makadirio, rows=30000 ya kweli. Wengi hukimbilia kusoma muda. Mimi huanza na pengo hilo.

Kidokezo kitaiponya kwiri hii moja tu. Lakini tangu toleo la 10, la mwaka 2017, PostgreSQL ina amri ya CREATE STATISTICS. Unaiambia safu za mkoa na wilaya zinategemeana, unaendesha ANALYZE, inayokusanya takwimu upya, na kila kwiri inayochuja kwa safu hizo mbili inanufaika, hata ile itakayoandikwa mwakani na mtu usiyemjua. Mara nyingine hata hiyo haihitajiki, takwimu zimechakaa tu. Kwa mipangilio ya kawaida, ANALYZE ya kujiendesha husubiri karibu asilimia 10 ya jedwali ibadilike. Kwenye jedwali la rekodi milioni 200 hayo ni mabadiliko milioni 20. Kiwango hicho unaweza kukishusha kwa jedwali moja moja, na ni kazi ya dakika moja.

Sasa upande wa pili, kwa haki yake. Wakala wa pesa za simu wanaweza kuwa asilimia 1 ya wateja lakini wakabeba sehemu kubwa mno ya miamala. Kipangaji kikiunganisha jedwali la wateja na la miamala kitadhani nao wana asilimia 1 ya miamala, na hapo CREATE STATISTICS haikuokoi, kwa sababu haivuki mpaka wa jedwali moja. Unabaki na kuandika kwiri upya, kunakili aina ya mteja kwenye jedwali la miamala, au kuamrisha. Saa 8 usiku, malipo yamekwama na foleni inarefuka, sioni ubaya wa kuamrisha.

Tena, hata wapinzani wa vidokezo wamekuwa wakivitumia kwa mlango wa nyuma. Kabla ya toleo la 12, watumiaji wengi wa PostgreSQL waliandika WITH (kwiri ndogo yenye jina ndani ya kwiri kubwa) makusudi ili kipangaji kisipenye ndani yake. Toleo hilo lilipotoka mwaka 2019 na kuondoa kizuizi, likaleta neno MATERIALIZED kwa wanaokitaka bado. Hiyo ni amri, kwa jina lolote utakaloiita.

Kinachonitisha kwenye vidokezo ni ukimya wao. Kwenye Oracle kidokezo huandikwa kama maoni ndani ya msimbo, na ukikosea herufi moja, au mtu akibadilisha jina la indeksi, kinapuuzwa na kwiri inaendelea bila kosa lolote kuonekana. Kinachofanya kazi nacho kina hatari yake: kinaushikilia uamuzi wa siku kilipoandikwa wakati jedwali linaendelea kukua.

Kwa hiyo ninapolazimika kuweka kimoja, naandika kando yake tarehe, makadirio yaliyokosewa na idadi halisi ya rekodi. Kila robo mwaka kwiri inaendeshwa kwenye nakala ya data bila kidokezo, na kipangaji kikichagua vizuri chenyewe, kidokezo kinafutwa siku hiyo hiyo.