Tuliogopa batani, tukabanana kwenye foleni

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, watu wa maofisini hapa Dar tulibuni kila mbinu ya kubonyeza batani ya lifti bila kuigusa. Kuna waliotumia kiwiko, kuna waliotumia kifuniko cha peni, kuna waliotumia ufunguo wa gari. Dada mmoja wa ghorofa ya juu yetu alitembea na vijiti vya meno kwenye mkoba: anabonyeza, anakidondosha kijiti pembeni, halafu mama wa usafi anakuja kukiokota kwa mkono. Na palepale mapokezi kulikuwa na daftari la wageni lenye peni moja iliyofungwa kwa uzi, ikipita mkono kwa mkono tangu asubuhi hadi jioni. Hiyo hakuna aliyeiogopa.

Siwacheki, maana wakati ule dunia nzima ilikuwa inafuta na kunawa. Lakini Aprili 2021 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilikadiria kwamba kugusa mara moja mahali penye virusi vya korona kuna uwezekano wa kukuambukiza usiofika 1 kati ya 10,000. Virusi vile vilipita zaidi hewani, mtu anapopumua, anapoongea, anapokohoa. Ndiyo maana nasema kwamba likija janga lingine la namna ile, batani tuiache na sanitaiza yake, akili zote tuzipeleke kwenye foleni.

Chukua lifti yenye kibao cha kilo 1,000, watu 13, zipo nyingi mjini. Ndani ni kama mita moja na nusu kila upande. Watu 13 wakijaa humo, ni kifua kwa mgongo. Kwenye jengo letu uongozi ulibandika alama za miguu sakafuni, nne tu, moja kila kona, kila mtu atazame ukuta. Jambo jema kabisa. Tatizo, hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya waliobaki chini. Wafanyakazi ni walewale, muda wa kuripoti ni uleule wa saa mbili kamili, na lifti sasa inabeba wanne. Ni kweli yenye watu wanne husimama ghorofa chache na kurudi mapema, lakini bado haifidii pengo lote. Matokeo yake ukumbi wa chini ulijaa watu mabega kwa mabega, milango ya vioo imefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, huku kila mmoja analalamika kwa sauti kwamba atachelewa kusaini.

Ni yaleyale ya level siti kwenye daladala mwaka ule. Gari linaondoka abiria wote wamekaa raha mustarehe, kituoni nyuma watu wanasukumana.

Kuna habari moja kutoka Seoul, Korea Kusini, ambayo natamani kila meneja wa jengo angeisoma. Machi 2020 korona ilizuka kwenye jengo la ghorofa 19, katika kituo cha kupokea simu kilichokuwa ghorofa ya 11. Walipimwa watu 1,143, wakakutwa na virusi 97. Kati ya hao, 94 walikuwa wa ghorofa ya 11, yenye wafanyakazi 216. Watu wa ghorofa zote walikuwa wanapishana kwenye lifti na ukumbi wa chini kila siku, lakini ugonjwa ulibaki zaidi kwa waliokaa pamoja wakiongea na simu kutwa nzima.

Mimi hapo nasoma neno moja, muda. Kupishana kuna hatari yake, ila kukaa kuna hatari kubwa zaidi. Safari ya lifti ni dakika moja au mbili. Foleni ya robo saa inageuza mahali pa kupita kuwa mahali pa kukaa, na bado hatujafika ofisini kwenyewe, ambako madirisha hayafunguki na mtu anakaa kwa muda wa saa nane. (Ugonjwa ukiwa wa kugusana, kama Marburg iliyozuka Kagera 2023 na tena 2025, hesabu hii haina kazi. Kwanza ulizeni unaambukizaje, ndipo mbandike vibandiko.)

Foleni haimalizwi na mlinzi wa kufoka getini. Inamalizwa na waajiri. Kampuni moja iripoti saa moja, nyingine saa mbili na nusu, nyingine saa tatu, wanaoweza kufanya kazi nyumbani wabaki nyumbani. Wapangaji wa jengo moja wanashindwa nini kukaa nusu saa wakakubaliana? Sisi hatukukaa. Kila bosi alisubiri mwenzake aanze.

Halafu ngazi. Anayekwenda ghorofa ya pili au ya tatu na miguu yake ni mizima, apande, lifti waachiwe wa juu, wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Lakini ukienda kuzitazama hizo ngazi! Zetu zilikuwa zimegeuzwa stoo: maboksi ya karatasi, viti vilivyovunjika, na mlango wa chini una kufuli. Kufuli kwenye mlango wa dharura ni balaa hata pasipo korona. Na mabosi nao walegeze masharti ya tai na koti, maana joto la Februari la mji huu linakufikisha ghorofa ya nne shati limelowa chapachapa.

Kuhusu lifti ya wakubwa sina maneno mengi. Jengo likiwa na lifti tatu, moja ikawekewa kadi ya wakurugenzi huku watu mia wamejazana chini, hakuna alama ya miguu itakayosaidia. Ifunguliwe kwa wote mpaka janga lipite.

Ndani ya lifti kwenyewe, barakoa ivaliwe ikifunika na pua, na watu wanyamaze. Kuongea kunatoa matone mengi kuliko kupumua tu, na hakuna simu isiyoweza kusubiri mpaka ghorofa ya tisa. Feni ya lifti nayo iwe inazunguka kweli. Nyingi zina feni darini, ila ikiharibika hakuna anayeripoti, kwa kuwa lifti bado inapanda na kushuka. Umeme ukikatika jenereta ikichelewa kuwaka, ile dakika moja inakuwa kumi, mko wanne kwenye boksi la chuma lisilo na upepo.

Matengenezo ya lifti yamo kwenye gharama za huduma tunazolipa juu ya kodi ya pango. Mkataba wetu unahuishwa mwakani, na nimeshamwomba anayeushughulikia aulize mambo mawili kabla hajasaini: feni za lifti zilikaguliwa lini, na ufunguo wa mlango wa ngazi anashika nani.