Wimbo wa Mtakatifu ni wa kwaya au wa benchi?

Wakatoliki wa Tanzania wakianza kubishana kuhusu muziki wa Misa, haichukui muda ugomvi unafika kwenye kinanda na ngoma. Wazee wanasema kanisa limegeuzwa ukumbi wa starehe. Vijana wanajibu kwamba hawawezi kumsifu Mungu wakiwa wamekakamaa kama nguzo. Mimi niliimba sauti ya tatu kwenye kwaya kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi benchi kwa waamini wengine, na kila nikiwasikiliza naona wote wameng'ang'ania ala, ilhali badiliko kubwa zaidi, la watu wa benchi kuacha kuimba, limepita pembeni yao.

Hata hivyo, hizo ala zina historia yake. Mwaka 1903 Papa Pius X alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu. Alikuwa amechoshwa na nyimbo za kanisani zilizonukia opera, ile michezo ya jukwaani ya kuimbwa, basi akapiga marufuku piano pamoja na vyombo vya kelele: ngoma, matoazi na vingine vya aina hiyo. Shida aliyokuwa nayo ilikuwa ya Italia, ila agizo lilikuwa la Kanisa zima. Miaka 60 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ukapitisha hati yake juu ya liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, na humo, katika namba ya 119, ukasema kwamba watu wa nchi za misheni wana muziki wao wenye uzito katika maisha yao ya dini na ya jamii, na kwamba upewe heshima na nafasi inayostahili. Sasa, hati hiyohiyo katika namba ya 116 inautaja wimbo wa Kigregoriani, ule wa kale wa Kilatini, kuwa wa kwanza katika liturujia ya Kirumi, na namba ya 120 inakisifu kinanda cha mabomba. Ndiyo maana mabishano haya hayaishi: kila mmoja ana namba yake mfukoni, na hakuna anayedanganya.

Wanaodhani ngoma kanisani ni fasheni ya vijana wa leo wamechelewa sana. Kule Kamina, Kongo, Misa ya Kilatini iliimbwa kwa mapigo ya kienyeji mwaka 1958, Mtaguso ukiwa haujaitishwa. Kwetu, Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963. Vijana wa wakati ule leo ni mababu.

Upande wa wazee una hoja nzito, lakini hawaielezi vizuri. Wanasema nyimbo za zamani ni "takatifu zaidi". Nyingi kati ya hizo ni tuni za Ulaya zilizovikwa maneno ya Kiswahili, na nguo wakati mwingine haikuenea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mwoKOzi. Tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine inakuja na mkazo wake, nawe unajikuta unaimba MWOkoZI bila kujua kwa nini neno linakataa kukaa. Watunzi wetu wa sasa, ambao wengi ni walei, si mapadre wala watawa, wenye kazi nyingine mchana, wamelimaliza tatizo hilo. Sauti inapanda pale neno linapopanda. Hilo ni faida ambayo singekubali kuirudisha hata nikipewa kinanda cha mabomba.

Hoja halisi ya wazee, wangeisema, ni hii: zamani waliimba. Leo wanasikiliza. Kwaya inajifunza wimbo mpya kila wiki, sauti nne zinapishana, sauti ya nne ina mbio zake peke yake, vipaza sauti vinafanya mengine. Mtu wa benchi anapokaribia kukishika kiitikio, wimbo umeisha, na Dominika ijayo kuna mwingine. Mara nyingi wimbo wenyewe ulitungwa ukilenga kurekodiwa video, ukaingia kwenye Misa baadaye.

Kwaya nazo zina majibu yao. Kusikiliza nako ni kushiriki, na maagizo ya Roma ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturujia yanalikubali hilo. Wimbo mgumu ulioimbwa vizuri wakati wa matoleo unaweza kumwinua mtu kuliko ubeti alioukariri tangu Komunio ya Kwanza akauimba huku akiwaza bei ya mchele. Nakubali kabisa. Lakini maagizo hayohayo yanasema haifai kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote, waamini wakatupwa nje, na yanapendekeza Mtakatifu, ule wimbo wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu", uimbwe na kusanyiko lote pamoja na padre. Kwa maoni yangu, mstari wa mpaka upite hapo: matoleo na shukrani kwaya ijimwage, ilete jipya kila wiki ikitaka, Bwana utuhurumie, Mtakatifu na Mwanakondoo visibadilishwe kila mwezi.

Kuhusu kucheza sina mengi. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wakitangulia maandamano ya vipaji kwa hatua zao, simwoni aliyeharibikiwa.

Kinachonikera mimi, na sisikii wengi wakikitaja, ni kinanda cha umeme chenye mapigo ya kubonyeza. Mpigaji anachagua mdundo namba fulani, mashine inapiga ngoma yenyewe, wala haijui kama tuko kwenye Kwaresima. Tulipigania ngoma ya ngozi iingie kanisani, kisha tukaiweka stoo.

Dominika moja umeme ulikatika Misa ikiendelea, katikati ya wimbo wa matoleo. Vipaza sauti vikafa, kinanda kikafa, kwaya ikayumba ikanyamaza. Ilipofika Mtakatifu, mwalimu wa kwaya hakuthubutu ule mpya waliofanyia mazoezi. Akaanzisha mwingine kwa mdomo, na kanisa zima likadaka. Mtu akaitoa ngoma stoo. Wimbo ule haukuwa wa Kilatini wala wa Kijerumani. Ulitungwa na Mtanzania, na pale parokiani ulikuwa umeimbwa kwa zaidi ya miaka 10.