Indio: rangi ya Mdominika na mababu wa kuazima

Kwa miongo mingi, raia wa Jamhuri ya Dominika aliyekwenda kuchukua kitambulisho alitazamwa na karani kisha akaandikiwa rangi yake. Mtu wa maji ya kunde aliandikiwa indio, yaani mwenyeji wa asili wa kisiwa, ingawa Wataino, ambao ndio wenyeji hasa, walikuwa wamekwisha karibu wote miongo michache tu baada ya Columbus kutua mwaka 1492. Kiswahili kinaposema "maji ya kunde" hutaja ngozi kikaishia hapo. Indio hutaja ngozi na papo hapo humpa mtu mababu wengine. Ndiyo maana wachambuzi wengi, hasa wa Marekani, hulishika neno hilo kama ushahidi kwamba Wadominika wanaikana Afrika.

Ushahidi mwingine haukosekani. Nywele za kipilipili huitwa pelo malo, nywele mbaya, na saluni za Santo Domingo hujaa wanawake waliofungwa rola wakisubiri zamu ya draya, kisha nywele zivutwe kwa brashi na hewa ya moto mpaka zilale. Mvua ikinyesha, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Anayeoa mtu mweupe kuliko yeye husifiwa kwamba ameboresha kizazi. Rafael Trujillo, aliyetawala kuanzia 1930 hadi alipouawa 1961, alikuwa na asili ya Haiti upande wa mama, naye alijipaka poda usoni. Oktoba 1937 aliamuru maelfu ya Wahaiti wauawe mpakani, mauaji yanayokumbukwa kwa jina la perejil, jani la kukolezea chakula ambalo, kama inavyosimuliwa, mtu alitakiwa kulitamka ili ulimi wake umfichue.

Hata hivyo, wanaowatetea Wadominika wana hoja nzito, nami nadhani kwa upande wa historia wameshinda. Wanasema kwamba kipimo cha Marekani, ambako tone moja la damu ya Mwafrika lilitosha kumfanya mtu kuwa mweusi, hakiwezi kuhamishiwa mahali ambapo mashamba ya miwa yalidorora mapema, nchi ikabaki ya wafugaji maskini wa ng'ombe, na machotara wakawa wengi kuliko mabwana na watumwa. Uhuru unaosherehekewa huko kila tarehe 27 Februari ni ule wa 1844, na ulipatikana kutoka kwa Haiti, si kwa Hispania, kwa hiyo neno "mweusi" likageuka kuwa jina la jirani kabla ya kuwa jina la rangi. Tena, Gregorio Luperón, shujaa wa vita vya 1863 hadi 1865 dhidi ya Hispania iliyokuwa imerudi kuitawala nchi, alikuwa na damu ya Kiafrika na akashika uongozi wa nchi; Ulises Heureaux, mweusi ti, alitawala mpaka alipouawa 1899, miaka ileile ambayo Weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wakinyang'anywa kura.

Na Afrika haijaondoka. Huko Villa Mella, pembezoni mwa mji mkuu, chama cha kidini cha Roho Mtakatifu cha Wakongo hupiga ngoma zake kwenye mazishi na sikukuu, na mwaka 2001 UNESCO iliitambua sanaa hiyo. Mpwani akikaribishwa wali uliopikwa na guandules kwa tui la nazi atajiona yuko kwao: hizo ni mbaazi, na jina lake lenyewe hunasibishwa na Kikongo.

Hoja ya uchotara inaeleza mengi. Nisichokubali ni kuifanya kinga. Kama wote ni machotara na rangi si kitu, kwa nini mgombea urais José Francisco Peña Gómez, mweusi mwenye asili ya Haiti, aliandamwa kwa nasaba yake katika chaguzi za 1994 na 1996? Ni kweli kwamba mwaka 1996 aliongoza duru ya kwanza, jambo ambalo wanaowaita Wadominika wabaguzi wa kuzaliwa hupenda kulisahau. Lakini katika duru ya pili mahasimu wa zamani, Joaquín Balaguer na Juan Bosch, waliungana ili asipite. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu namba 168-13, iliwavua uraia watoto wa wahamiaji wasio na vibali waliozaliwa nchini tangu 1929, wengi mno wakiwa wenye asili ya Haiti. Sheria ya 2014 ilirekebisha sehemu tu.

Mwanamke wa saluni hakuandika hukumu hiyo, na lawama zinazomwangukia yeye kwanza zimekosea mlango. Serikali ndiyo inayoipa ngozi uzito. Katika barabara itokayo Dajabón, mji wa mpakani, askari hupanda mabasi kukagua hati, na wa kwanza kuulizwa huwa abiria aliye mweusi zaidi, awe Mhaiti au Mdominika ambaye kadi yake ya zamani ilisema yeye ni indio.