Ngiri Ikirudi, Gunia Ndilo la Kulaumiwa?

Hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, akipasuliwa ngiri ya kinena (utumbo au mafuta ya tumbo kupenya tundu la ukuta wa tumbo), na mwaka mmoja baadaye uvimbe ukachomoza palepale, hukumu hutoka kabla hajafika kliniki: "Si aliambiwa asibebe?" Gunia la mahindi la kilo 90 ni mshtakiwa rahisi, maana halina la kujitetea. Lakini ukiuliza ngiri ilirudi lini na mara ya kwanza ilizibwa vipi, mara nyingi kesi hubadilika.

Kwanza ihakikishwe kwamba imerudi kweli. Uvimbe unaotokea siku chache baada ya upasuaji mara nyingi ni maji yaliyojikusanya pale ilipokuwa ngiri. Haupungui mgonjwa akilala chali, hausukumi kidole akikohoa, na kwa kawaida hunywea wenyewe katika wiki sita hadi nane. Kukimbilia kuunyonya kwa sindano ni kualika usaha. Huku Pwani kuna utata mwingine: neno "mshipa" hubebeshwa ngiri na busha kwa pamoja. Daktari hupapasa juu ya uvimbe wa korodani. Vidole vikikutana juu yake, pakawa patupu, huenda ni busha. Uvimbe ukiendelea kupanda hadi ndani ya kinena, ni ngiri. Akibaki na shaka, picha ya altrasaundi huamua.

Ngiri inayorudi ndani ya miaka miwili ya kwanza huelekeza kidole zaidi kwenye kazi ya upasuaji kuliko kwa mgonjwa. Njia ya zamani huvuta misuli na kuishona pamoja bila wavu. Mshono huo hukaa ukivutwa saa zote, kama kanzu inayobana kwapani, ambayo huachia penye uzi. Wavu wa plastiki ulikuja kuondoa mvuto huo, ila nao una masharti. Ukiwekwa kwa mbele, hukatwa kiasi cha sentimita 7 kwa 15, na hupita mfupa wa kinena kwa sentimita 2 hivi, kwa sababu hujikunja na kupungua mwili unapoushika. Ukiishia ukingoni mwa mfupa, baada ya miezi hubaki upenyo upande wa ndani, na ngiri nyingi zinazorudi hupenyea hapo. Wakati mwingine hakuna kilichorudi: palikuwa na ngiri mbili, moja ikashonwa na ile ya paja, iliyo chini kidogo, haikutazamwa. Kwa wanawake hilo ni kosa la hatari, kwani ngiri ya paja hunyonga utumbo upesi.

Hata hivyo mgonjwa hana ukuta wa kujificha. Sigara hudhoofisha nyuzi za kovu na huleta kikohozi. Sukari isiyodhibitiwa hualika usaha, na wavu ulioingia usaha haushiki. Mzee anayejikamua kukojoa kwa sababu ya tezi dume atibiwe tezi kwanza. Na muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, pamoja na kelele zake zote za kisiasa, una dhambi isiyotajwa sana: hufunga choo, na kujikamua chooni kila siku ni mzigo pia. Kuhusu gunia lenyewe, miongozo ya kimataifa ya 2018 humruhusu aliyefanyiwa ngiri ya kinena kurudia shughuli zake siku 3 hadi 5 baadaye, kadiri maumivu yanavyomruhusu. Ila shughuli za kawaida za walioiandika si kusukuma mkokoteni, kwa hiyo daktari anayempa hamali wiki nne hadi sita hajakosea.

Mjadala mkali uko kwenye upasuaji wa pili. Kanuni ni fupi: ikiwa mara ya kwanza iliingiliwa mbele, safari hii iingiliwe nyuma ya ukuta wa tumbo, na kinyume chake. Mbele sasa pana kovu, na ndani ya kovu zimenata neva, mrija wa manii na mishipa ya damu ya korodani. Kuchimbua hapo tena kwaweza kuacha maumivu ya kudumu, au korodani kunywea kwa kukosa damu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi. Upasuaji wa matundu, unaofanywa kwa kamera kupitia vitundu vidogo, hupita nyuma, penye nyama isiyoguswa, ukaweka wavu usiopungua sentimita 10 kwa 15.

Lakini matundu yana gharama na huhitaji nusukaputi. Pia huhitaji mkono uliozoea: hujifunzwa kwa makumi ya wagonjwa, hata mia. Mzee mwenye moyo dhaifu, au aliyekwisha kupasuliwa tezi dume, huenda akawa salama zaidi akifanyiwa tena mbele kwa ganzi. Mpasuaji hodari wa njia ya mbele ni bora kuliko mwanafunzi wa matundu, hata kanuni iseme nini.

Na kungoja je? Mwanaume mwenye uvimbe mdogo usiomsumbua anaweza kungoja, huku akijua kuwa wengi hatimaye hupasuliwa kwa sababu ya maumivu. Kukandwa hakuzibi tundu. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani, na kuna kutapika au choo na hewa vimekwama, usisukumwe ndani, wala mgonjwa asipewe chakula. Afikishwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Yote hayo huning'inia kwenye karatasi moja ambayo wagonjwa wengi hutoka wodini bila nakala yake: ripoti ya upasuaji. Iandikwe upande gani ulipasuliwa na kwa njia ipi, aina ya ngiri iliyokutwa, wavu ulikuwa wa ukubwa gani au haukuwekwa, na kama usaha uliingia baadaye. Bila hiyo, mpasuaji wa pili huingia akipapasa gizani na kujua alichofanya mwenzake baada ya kufungua. Iombwe siku ya kuruhusiwa, ipigwe picha kwa simu, na itumwe kwa mtu mmoja zaidi nyumbani, maana simu nazo huanguka majini kivukoni Likoni.