Betri Imebaki Dakika Tano

Watu wa nje hudhani kituo cha televisheni kikinunua mashine mpya, ile kuukuu inastaafu. Thubutu! Kwenye kituo kimoja kidogo cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000, chumba chetu cha kanda kilikuwa na vizazi vyote kazini. Chini ya rafu limekaa U-matic, aina iliyotoka mwaka 1971, kanda yake robo tatu inchi, lenyewe zito hadi fundi mpya anadhani limepigiliwa misumari. Juu yake S-VHS ya 1987, yaani VHS iliyoboreshwa picha. Juu ya hiyo Betacam SP, tegemeo la chumba cha habari. Na kileleni bibi harusi wetu, mashine ya DVCAM, inayotumia kanda yenye upana wa milimita 6.35 tu.

Huwezi kutupa hata moja, kwa sababu maktaba imejaa kanda ambazo kila moja husomwa na mashine ya ukoo wake peke yake. Hata zinazofanana hazielewani. Kanda ya VHS na ya Betacam zote ni nusu inchi, lakini Betacam huikimbiza kanda kwa kasi inayozidi mara nne ile ya VHS, na huandika mwanga kwenye mstari wake, rangi kwenye mstari mwingine. VHS huvichanganya vyote njia moja. Ndiyo maana picha yake ikinakiliwa mara mbili tatu, rangi ya koti humwagikia ukuta.

Sasa huyu bibi harusi alikuwa na tabia moja iliyotuponza: anapokea kanda za saizi mbili. Ile kubwa inajaza mdomo wake. Ile ndogo, miniDV, unaiweka katikati kabisa ya mdomo na yeye anaivuta mwenyewe. Bosi wa habari aliliona hilo mara moja, akajifunza somo ambalo hakuna aliyemfundisha: mashine kubwa hula kanda ndogo.

Jioni hiyo mpigapicha alirudi kutoka kwenye uzinduzi wa kisima, mheshimiwa kahutubia, habari ya kwanza saa mbili usiku. Kamera ya Betacam ilikuwa imeazimwa na kipindi cha michezo, kwa hiyo kisima kilirekodiwa kwa kikamera kidogo cha miniDV. Mashine ya DVCAM nayo ilikuwa inaingiza kipindi cha mdhamini kwenye kompyuta. Kazi hiyo haina njia ya mkato: kanda ya saa nzima huingia kwa saa nzima na kumeza takriban gigabaiti 13, na meneja masoko alikuwa amekaa pembeni anailinda kama mlinzi wa benki.

Mimi nilikuwa nyuma ya rafu nikisafisha vichwa vya U-matic, vile vinavyosoma kanda. Hiyo kazi nayo ina adabu zake: kipande cha ngozi laini kilicholowa spiriti unakishikilia palepale kwenye ngoma, silinda inayobeba vichwa hivyo, halafu unaizungusha ngoma kwa mkono. Ukisugua juu na chini unavunja kichwa. Ndipo nikasikia *tup*.

"Fundi, kanda imeingia lakini haichezi."

"Imeingia wapi, bosi?"

"Kwenye hii kubwa."

Betacam SP! Mdomo wake umepimiwa kanda yenye upana wa sentimita zaidi ya 15 kwa ile ndogo na 25 kwa ile kubwa. MiniDV haifiki hata sentimita saba. Kibebeo hakikupata cha kubeba, kanda ikatumbukia tumboni. Bosi akabonyeza EJECT, mota ikalia, taa ya hitilafu ikawaka. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni adabu ya kidole. Kisha akapendekeza tuigeuze mashine juu chini tuikung'ute.

Nikamwomba aiache. Ya kwanza ni kuchomoa waya wa umeme, maana mota ikiamka wakati mkono umo ndani, ama kidole kinaumia ama ngoma inakwaruzwa, na ngoma ndiyo ghali. Kisha skrubu za mfuniko, tochi, koleo la plastiki, kanda ikatolewa bila mkwaruzo. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa mbili.

Tukabaki na njia moja: kamera yenyewe iwe mashine ya kuchezea. Waya wa njano wa picha tukauingiza kwenye miksa kwa kiungio, mwekundu na mweupe zikaenda kwenye sauti. Vifaa vya nyumbani hutoa sauti ndogo kuliko vya studio, kwa hiyo ikabidi tuipandishe, na muungurumo ukapanda nayo. Chaja ya kamera ilikuwa imebaki kisimani.

Mpigapicha akaitafuta picha ya kwanza, akabonyeza pause, tukasubiri. Lakini vikamera hivi havikubali pause ndefu: vichwa vinavyozunguka juu ya sehemu moja huila kanda, basi baada ya dakika chache vinajisimamisha vyenyewe. Msomaji wa habari akarefusha salamu. Mwongozaji akaita, "Endesha!" Nchi ikaona rangi ya bluu.

Mpigapicha akarukia PLAY. Mheshimiwa akatokea, na maandishi yake pia, kwa kuwa kwenye menyu kamera ilikuwa imewekwa itoe maandishi kwenye skrini yake na kwenye waya wa nje. Kichwani pa mheshimiwa: mchoro wa betri, "5 min". Kifuani: Januari mosi, maana saa ya kamera haikuwahi kurekebishwa. Na betri iliyochoka haihesabu kwa uaminifu. Kutoka tano huweza kushuka hadi sifuri bila kupitia nne.

"Ndugu wananchi," alisema mheshimiwa, "maji haya hayatakat—"

Giza.

Simu ikaanza kulia. Mama mmoja alitaka tu kujua kama mheshimiwa ameshachajiwa.

Kesho yake msaidizi wa mheshimiwa akaja kuomba nakala nzima, kwenye VHS, maana nyumbani wana deki. Bosi akasema hiyo atanakili mwenyewe. Akachukua kanda mpya kabatini, ya S-VHS. Kanda hiyo ina tundu chini. Mashine ikiligusa inarekodi kwa S-VHS bila kuuliza, hadi uizime hiyo S-VHS kwa swichi ya mbele. Hakuizima. Deki ya kawaida haiwezi kuisoma picha hiyo. Inaijaza mistari na chengachenga.

Jioni msaidizi akarudi na kanda mkononi.

"Fundi, mbona mheshimiwa ananyeshewa? Siku ile hapakuwa na mvua."